Fibroidi na hedhi nzito: pima damu yako kabla ya kununua matone

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko mtaa wa Umoja, Nairobi, na kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kupima miili ya watu: bega, kifua, kiuno, nyonga. Vipimo vyote huingia kwenye daftari la jalada gumu ambalo haliondoki mezani. Ukilifungua katikati, baina ya sare za kwaya na gauni la bibi harusi, utakuta safu ya tarakimu zisizo za mteja yeyote: 20, 20, 5, 20, 20, 1. Hizo ni za damu yangu mwenyewe.

Wateja wangu wengi wanajua kwamba niliugua fibroidi, ule uvimbe wa kizazi, na kwamba kwa karibu miaka miwili nilitumia dawa za homiopathia, zile zinazozimuliwa mara nyingi mno na kuuzwa kama matone au chembe za sukari. Kwa hiyo mtu akija kupimwa, pazia likishafungwa, huniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Baraka, yale matone uliyapata wapi?" Wote nawajibu vilevile. Dada yangu, pima damu kwanza. Ukishajua inatoka kiasi gani na imebaki kiasi gani mwilini, hapo ndipo tuzungumze habari ya matone. Mimi nilianza na matone, hesabu nikaifanya mwisho, nikiwa tayari nimelazwa.

Kuhesabu damu inayotoka

Kwa kawaida mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 40 katika hedhi nzima. Hivyo ni vijiko vya chai sita hadi vinane, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ikipita mililita 80, hiyo ni hedhi nzito. Anayetumia kikombe cha hedhi ana urahisi, maana anaweza kusoma mistari ya ubavuni. Sisi wa pedi tuna njia ya alama ambayo madaktari wanaitumia tangu mwaka 1990, na ndiyo niliyofundishwa na muuguzi kando ya kitanda changu.

Chora safu kwenye daftari, siku ya kwanza hadi ya nane au zaidi. Kila unapotoa pedi, itazame kabla ya kuikunja. Ikiwa na doa dogo tu, andika 1. Ikiwa imelowa kiasi, sehemu nyingine bado kavu, andika 5. Ikiwa imelowa yote, andika 20. Bonge dogo la damu ni 1, na bonge lenye upana wa sarafu ya shilingi 20 ni 5. Damu ikifurika hadi kwenye nguo, ongeza 5. Hedhi ikiisha, jumlisha. Ukifika 100 au zaidi, damu yako ni nyingi na unahitaji daktari. Tumia pedi za aina moja mwezi mzima, la sivyo utakuwa unalinganisha futi na sentimita.

Mwezi wa kwanza niliohesabu, siku ya pili peke yake ilinipa 135: pedi 6 zilizolowa kabisa na mabonge makubwa 3. Nilizitazama tarakimu zile kwa muda mrefu. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema "mimi hutoka sana," kama vile mtu anavyosema "mimi hulala sana."

Kuna na vipimo visivyohitaji kalamu. Unavaa pedi mbili kwa pamoja. Unaamka usiku kubadilisha. Damu inapita siku 7. Umeacha nguo za rangi nyepesi bila kukumbuka uliamua lini. Mimi kwenye stuli ya cherehani nilikuwa nakalia leso nyeusi iliyokunjwa mara nne, na chini yake kipande cha plastiki nilichokata kwenye kitambaa cha meza. Mteja akija siku zile, sikuinuka. Nilimwomba aninyooshee nguo palepale nilipo, nikajifanya nina mshono ambao siwezi kuuachia katikati. Akiondoka nilikuwa naishika stuli kwa mkono wa nyuma nione kama imelowa.

Kiuno changu nacho kilikuwa kinasema. Sketi yangu ya kijivu niliifumua mshono wa kiunoni mara tatu ndani ya mwaka mmoja, huku mikono na mashavu yanakonda. Tena nilikuwa natafuna odowa, vile vijiwe vya udongo vinavyouzwa sokoni kwa wajawazito, mfuko mzima kwa siku mbili. Mama Shiru wa mboga aliponiona na tumbo lile na odowa mkononi, alinipongeza. Sikuwa na mimba. Hamu ya udongo, au ya kutafuna barafu, mara nyingi ni mwili ulioishiwa madini ya chuma. Ukijikuta na hamu hiyo na hedhi yako ni nzito, usingoje kumaliza kuhesabu. Nenda wiki hii.

Ukifika kituo cha afya

Omba mambo manne, na uyaombe kwa majina. La kwanza ni kipimo cha mimba, hata kama una hakika huna, kwa sababu mimba iliyoharibika au iliyotunga nje ya kizazi hutoa damu pia. La pili ni hemogramu, yaani picha nzima ya damu. Humo tafuta mstari wa hemoglobini: kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu wa damu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. La tatu ni feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Inaweza kuwa imekwisha hata kabla hemoglobini haijashuka. La nne ni ultrasaundi ya nyonga.

Mwambie pia daktari kama umewekewa kitanzi cha shaba. Kitanzi hicho ni kizuri kwa kupanga uzazi lakini huongeza damu ya hedhi, na nimekutana na akina dada waliolaumu fibroidi kwa kazi ya kitanzi. Na kama umepita miaka 45, au damu inakuja katikati ya mwezi bila mpangilio, uliza kama unahitaji kuchukuliwa kipande kidogo cha utando wa ndani ya kizazi kikapimwe. Fibroidi zenyewe si saratani, na ni nadra sana uvimbe unaoonekana kama fibroidi kuwa saratani, lakini si kila damu nyingi inatokana na fibroidi.

Majibu ya ultrasaundi husomwa haraka, na wengi tunatoka tukikumbuka ukubwa tu: "Nina ya sentimita nane." Ukubwa hautoshi. Uliza ipo wapi. Mimi nilielewa pale daktari alipochora, nikamwambia, hii ni koti. Kizazi kina bitana kwa ndani, kitambaa kizito katikati, na upande wa nje. Fibroidi ikiota chini ya bitana, ikaisukuma kuelekea ndani, itatoa damu nyingi hata ikiwa ndogo kama zabibu. Ikiwa ndani ya kitambaa cha katikati, hutegemea inavyokua na kama inakunja bitana. Ikiwa upande wa nje, huenda isiongeze damu hata kidogo, ila ikakandamiza kibofu ukawa unakimbilia choo kila nusu saa. Mimi nilikuwa nazo 3. Kubwa ilikuwa ya sentimita 8, katikati ya kitambaa. Lakini iliyokuwa inanimaliza, daktari alisema, huenda ni ile ndogo ya sentimita 2 na nusu iliyokuwa chini ya bitana.

Mama mkwe aliniuliza kama nimerogwa, na jirani akasema ni kwa sababu nilizaa wawili nikaacha. Si hivyo. Fibroidi ni uvimbe wa misuli ya kizazi unaolishwa na homoni za kike, estrojeni na projesteroni, ndiyo maana hunywea baada ya hedhi kukoma kabisa. Sisi wanawake weusi tunazipata zaidi na mapema zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wanakuwa nazo, wengi bila kujua. Kwa hiyo wewe huna mkosi. Uko na wenzako wengi kwenye matatu uliyopanda leo.

Sasa habari ya homiopathia

Nilienda kwa mama mmoja mwenye chumba ghorofani, mjini. Alinisikiliza saa nzima. Aliniuliza rangi ya damu, saa ambazo maumivu yanazidi, kama naogopa giza, kama napenda chumvi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo yangu kwa upole ule, na nililia kwenye kiti chake. Nilitoka na kichupa cha chembe nyeupe, ndogo kuliko punje za uwele, tamu kama sukari kwa sababu ni sukari. Juu yake paliandikwa Sabina 30C. Chembe 4 chini ya ulimi mara tatu kwa siku, nisinywe kahawa, nisitumie dawa ya meno yenye minti. Baadaye akanibadilishia Calcarea carbonica, inayotokana na gamba la chaza, kisha China, ambayo haihusiani na nchi ya China, ni gamba la mti wa mkwinini. Kila kichupa kilinigharimu shilingi 2,500, na hicho ni karibu ushonaji wa sare mbili.

Utaratibu huu ulianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Aliamini kwamba kitu kinachomletea mzima dalili fulani kitamwondolea mgonjwa dalili zizo hizo. Sabina ni mmea wa jamii ya mreteni ambao ukiliwa kwa wingi huweza kumtoa mwanamke damu, basi kwa fikira zake ndio dawa ya damu. Na aliamini kwamba dawa ikizimuliwa zaidi ndivyo inavyopata nguvu zaidi. Ile 30C maana yake ni hii: tone moja la dawa linatiwa kwenye matone 99 ya maji na spiriti, linatikiswa. Halafu tone moja la mchanganyiko huo linatiwa kwenye matone 99 mapya. Halafu tena. Mara 30. Ukifika mara ya 12 tu, kwa hesabu ya kemia, uwezekano wa kubaki hata chembechembe moja ya mmea ule umekaribia kwisha. Kuanzia hapo unazimua maji kwa maji.

Baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 kuhusu magonjwa 61, na mwaka 2015 likatangaza kwamba halikupata hata ugonjwa mmoja ambao homiopathia ina ushahidi wa kutegemewa kwamba inautibu. Uingereza, ambako ilikuwa ikitolewa na hospitali za serikali kwa miaka mingi, mwaka 2017 mamlaka ya afya iliwataka madaktari waache kuiandika.

Ningekuwa nimesoma hayo wakati ule, nadhani ningejibu: lakini mimi imenisaidia. Mwezi wa kwanza wa Sabina damu ilipungua, na niliwaambia watu wote. Nilikuja kujua ukweli kutoka kwenye daftari langu la matumizi ya kibanda, ambalo huwa naandika kila kitu ninachonunua, pamoja na pakiti za pedi. Miezi mitano kabla ya Sabina nilinunua pakiti 4, 3, 5, 3, 4. Miezi mitano baada ya kuanza: 3, 5, 4, 5, 6. Ule mwezi wa pakiti 3 nilioushukuru nilikuwa nimewahi kuupata mara mbili bila dawa yoyote. Hedhi ya fibroidi hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kutafuta dawa katika mwezi mbaya kabisa, kwa hiyo mwezi unaofuata huwa na nafuu mara nyingi, na sifa inaenda kwa kile alichokuwa nacho mdomoni.

Damu ilipozidi, mama yule aliniambia ni dawa inafanya kazi, mwili unatoa uchafu, nisiogope. Hilo ndilo neno lililokaribia kuniua, na ndilo ninalokusihi ulikatae litoke kwa yeyote: mtaalamu wa homiopathia, muuza mitishamba, mchungaji, rafiki. Damu ya fibroidi si uchafu. Ni damu ileile inayobeba hewa kwenda kwenye moyo wako.

Simchukii. Ile saa moja ilinipunguzia upweke, na tangu siku hiyo nimejifunza kuidai kwa madaktari pia: naenda na maswali yameandikwa, na siinuki hadi nimejibiwa. Ila upweke ulikuwa wangu mimi, na damu ilikuwa ya kizazi.

Najua wapo watakaosoma haya na bado watazimeza chembe, kwa sababu wana hofu ya kisu au wameahidiwa na mtu wanayempenda. Basi fanya hivi. Usiache dawa yoyote ya hospitali kwa ajili yake. Pima hemoglobini siku unayoanza na uipime tena kila mwezi. Ikishuka, mambo ya kujaribu yamekwisha. Endelea na hesabu ya pedi, usiende kwa kuhisi. Soma chupa. Iliyoandikwa 30C au 200C haina kitu cha kukudhuru, ila muda unaopotea. Lakini ile wanayoiita dawa mama, iliyoandikwa herufi Q, haijazimuliwa hivyo, ina spiriti na mmea halisi ndani. Sabina ya namna hiyo ni sumu, na Secale, inayotokana na kuvu ya nafaka, hukaza mishipa ya damu hata vidole vikafa. Hizo usiziguse, na ukiwa mjamzito au ukidhani u mjamzito, usiziweke hata ndani ya nyumba.

Dawa zinazopunguza damu kweli

Nilianguka siku ya Ijumaa nikiwa nakabidhi sare za kwaya. Hemoglobini ilikuwa 6.1. Niliongezewa chupa mbili za damu, na shemeji yangu na kijana wa jirani wakaenda kutoa zao kufidia. Nilitoka nikiwa na 8.0 na karatasi ya dawa.

Iliyonishangaza zaidi ni asidi ya traneksamiki. Si homoni, haizuii mimba, na huitumii mwezi mzima. Inazuia damu iliyoganda isiyeyuke upesi, hivyo mishipa midogo ya ndani ya kizazi inapata nafasi ya kujifunga. Iligunduliwa Japani mwaka 1962 na mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto. Utako alitaka dawa ya akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Mimi nilipewa vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, katika zile siku nzito tu, zisizozidi nne. Mwezi wa kwanza alama zangu zilitoka 310 hadi 160. Bado ni hedhi nzito, lakini leso ilitoka kwenye stuli. Usiinunue kwa kukisia: ikiwa umewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, una shida ya figo au kifafa, au unatumia vidonge vya kupanga uzazi, lazima daktari ajue kwanza.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na asidi ya mefenamiki nazo hupunguza damu kiasi, mbali na kutuliza tumbo, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo. Kuna vidonge vya homoni. Kuna kitanzi cha homoni, tofauti na kile cha shaba, ambacho kwa wengi hufanya hedhi iwe matone. Kinafaa fibroidi zikiwa ndogo na kizazi hakijapinda kwa ndani, vinginevyo huweza kudondoka. Kuna sindano za kupunguza ukubwa wa fibroidi kwa miezi michache kabla ya upasuaji. Ukiacha sindano, hurudi kukua.

Kurudisha madini ya chuma

Hapa ndipo wengi tunashindwa, na kosa ni chai. Nilikuwa nakunywa kidonge cha chuma kila asubuhi kwa chai ya maziwa, na miezi miwili ilipita damu imepanda kidogo tu. Majani ya chai hushika chuma tumboni kisipite, na maziwa nayo huzuia. Kinywe kwa maji, tumbo likiwa tupu ukiweza, na maji ya limau au chungwa pembeni. Chai isogee saa moja au mbili. Ukisikia kichefuchefu au ukifunga choo, mwombe daktari ukitumie siku moja ndiyo siku moja hapana. Bado kinafanya kazi vizuri. Choo kitakuwa cheusi. Usiogope, ni chuma.

Endelea miezi mitatu hata baada ya hemoglobini kufika 12, ili akiba ijae. Kwa chakula, kinachosaidia hasa ni maini, nyama nyekundu na omena, kisha maharage, ndengu na mchicha ukiupika na nyanya nyingi. Bitiruti ambayo kila mtu hukuletea ukilazwa ina rangi ya damu, lakini chuma chake ni kidogo. Kula ukipenda. Isichukue nafasi ya kidonge. Na kama kidonge kimekushinda kabisa, au upasuaji uko karibu, chuma hutolewa pia kwa dripu.

Kisu

Nilikaa miezi mitatu na nusu nikijaza damu kabla ya kupasuliwa, na nilifika chumba cha upasuaji nikiwa na 11.4. Ukiambiwa upasuliwe ukiwa na 7 na si dharura, uliza kwa nini hamuwezi kungoja.

Anayetaka kuzaa hutolewa fibroidi peke yake, kizazi kinabaki, ila zinaweza kuota nyingine baadaye. Zile zilizo chini ya bitana, zikiwa si kubwa mno, huweza kukatwa kupitia ukeni bila kupasua tumbo. Uliza hilo waziwazi, kwa sababu si kila hospitali ina vifaa na huenda wasikutajie. Kuna pia njia ya kuziba mishipa inayolisha fibroidi. Anayetolewa kizazi, fibroidi na hedhi vimekwisha moja kwa moja. Mimi nilikuwa na miaka 44 na watoto wawili, nikachagua hilo. Ovari ziliachwa, kwa hiyo sikuingia ukomo wa hedhi siku ileile. Mume wangu aliogopa nitabadilika. Tulikaa na daktari pamoja, akauliza aliyotaka kuuliza, na hakuna kilichobadilika isipokuwa nimenenepa mashavu.

Kama umesajiliwa na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hakikisha michango iko sawa kabla ya kulazwa, na uulize hospitali ikuandikie kile ambacho bima haitalipa.

Usingoje kliniki

Nenda hospitali leo, hata ikiwa ni usiku, ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, ukizimia au kuona giza ukisimama, moyo ukienda mbio au ukikosa pumzi ukiwa umeketi tu, ukipata maumivu makali ya ghafla na homa, ukitoka damu na mimba ipo, au damu ikirudi baada ya hedhi kukoma kwa mwaka. Mtu akupeleke. Usipande boda peke yako.

Wiki iliyopita alikuja binti wa miaka 31, mwalimu, kupima suti. Nilipozungusha tepu kiunoni akashtuka, akasema usikaze hapo. Nikamuuliza, akaniambia, kisha akatoa kichupa mkobani akanionyesha. Nilikata karatasi mbili kutoka nyuma ya daftari, nikamchorea safu za siku 10, juu nikaandika 1, 5, 20, na chini nikaacha mstari wa hemoglobini. Suti tulikubaliana nisiikate bado, mpaka arudi na majibu ya ultrasaundi.